Hoja zilezile za ukaguzi kila mwaka kwenye kituo cha afya: tuanzie wapi kuzimaliza?

Mtunza_Vitabu

Wakuu, habari za kazi. Naomba mchango wa wanaozijua hesabu za vituo vya chini, siyo za makao makuu ya halmashauri.

Mazingira yako hivi: kituo cha afya cha kata, vijijini mkoani Dodoma, watumishi 14. Mhasibu msaidizi ni mmoja kwa vituo vinne, kwa hiyo anaonekana siku moja kwa wiki, mbili zikizidi. Fedha zinaingia kwa milango minne: Mfuko wa Pamoja wa Afya (fedha za wafadhili wa afya), malipo ya papo kwa papo, CHF iliyoboreshwa (bima ya afya ya jamii) na NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya). Akaunti ya benki ni moja. FFARS (mfumo wa hesabu wa vituo) ipo, mashine ya POS (ya kukusanyia malipo) ipo, mtandao unakuja na kuondoka.

Hoja ni nne, kila mwaka zinabadilika tarakimu tu:

a) malipo yenye viambatisho pungufu
b) makusanyo kutumika kabla ya kupelekwa benki
c) leja ya dawa kutolingana na dawa zilizopo stoo
d) usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, kutofanyika kwa wakati (unafanywa wa miezi mitatu kwa mpigo, mkaguzi akishapiga simu kwamba anakuja)

Majibu tunayoandika kwa mkaguzi huwa ni "maelekezo yamezingatiwa", na mwaka unaofuata hoja imerudi. Kwa watu wachache namna hii, mtu aanze na lipi, na nani afanye nini?

---

Mkaguzi_wa_Ndani

Anza na (d). Watu huiona ndogo kwa sababu haina harufu ya upotevu, lakini ndiyo taa. Ukisuluhisha benki kila wiki, (a) na (b) zinajitokeza zenyewe zikiwa bado mbichi, wakati risiti bado inaweza kuombwa dukani na aliyekusanya bado anakumbuka. Ukisuluhisha baada ya miezi mitatu, unachofanya ni kuchimba kaburi.

Kazi yenyewe haizidi saa moja ikifanywa kwa wakati. Chukua mfano. Ijumaa jioni daftari la fedha linasema salio ni 4,318,500. Taarifa ya benki inasema 5,090,500. Tofauti ni 772,000. Hapo wengi wanaogopa na kufunga daftari. Usifunge. Pitia mstari kwa mstari, weka alama ya vema kwenye kila muamala uliopo pande zote mbili, kisha angalia vilivyobaki bila alama:

Kwenye daftari pekee: malipo ya 730,000 kwa mzabuni, yameandikwa Alhamisi, benki bado hayajatoka.
Kwenye benki pekee: makusanyo 66,000 yaliyolipwa kwa namba ya malipo, hakuna aliyeyaandika daftarini. Na makato ya benki 24,000.

Rekebisha kila upande kwa kile ambacho haukuwa nacho. Daftari: 4,318,500 + 66,000 − 24,000 = 4,360,500. Benki: 5,090,500 − 730,000 = 4,360,500. Vimekutana.

Sasa angalia ile 66,000, maana uhondo uko hapo. Mgonjwa amelipa, fedha zimefika, daftari halijui. Maana yake kuna bili iliyotolewa bila nakala kufika kwa anayeandika vitabu. Leo ni 66,000 upande wa faida. Mwezi ujao pengo hilohilo linaweza kuwa upande wa pili, na bila usuluhishi hutajua.

Mambo mawili yanaharibu zoezi hili. La kwanza ni kuandika "tofauti" kama mstari mmoja ili hesabu ifunge. Usuluhishi wenye mstari wa "tofauti isiyojulikana" si usuluhishi. Andika kila muamala kwa tarehe yake na kiasi chake, hata kama ni mistari ishirini. La pili ni kubeba kitu kilekile mwezi hadi mwezi. Malipo yaliyokaa bila kutoka benki zaidi ya wiki mbili yafuatiliwe: mara nyingi namba ya akaunti ya mzabuni ilikosewa, malipo yakarudi, na daftari bado linasema amelipwa. Mzabuni naye anaapa hajaona hata senti, na anasema kweli.

Asiyekusanya fedha ndiye asuluhishe. Mganga mfawidhi (mkuu wa kituo) asaini baada ya kuona taarifa ya benki yenyewe, siyo muhtasari wake.

---

Kasma

Mkuu hapo juu kaeleza vizuri, ila mimi ningeanza na (b). Usuluhishi unaonyesha tatizo, hauliondoi. Fedha mbichi (makusanyo yanayotumika kabla ya kufika benki) zina sababu, na sababu ikibaki, utasuluhisha kila Ijumaa na kila Ijumaa utakuta pengo.

Tazama inavyotokea. Saa nane usiku mama mjamzito anatakiwa kukimbizwa rufaa. Gari la wagonjwa halina dizeli. Kwenye droo ya mapokezi kuna 85,000 za makusanyo ya jioni. Muuguzi wa zamu anazitoa. Hakuna aliyeiba, na kumwacha yule mama isingewezekana. Lakini POS imeshahesabu zile 85,000 kama deni la mkusanyaji, risiti ya dizeli imeandikwa kwa mkono, na asubuhi hakuna anayejua zilipwe kutoka kasma ipi (fungu lipi la bajeti). Mara tatu kwa mwezi, miezi 12, na hoja imekamilika.

Kwa hiyo ziba mahitaji yanayolazimisha watu kuingia droo:

Dizeli itengwe kabla, kwa utaratibu wa halmashauri, kituo kichukue kwa lita na siyo kwa fedha. Daftari la gari liandikwe kilomita za kutoka na za kurudi, lita, na jina la aliyeidhinisha. Kiwango cha chini kisiwe tupu: gari lisilale na chini ya lita za kwenda na kurudi hospitali ya rufaa. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, mengine ni maelezo.

Kwa vitu vidogo (sabuni, betri, kufuli, nakala za fomu) ombeni masurufu ya kudumu (taslimu kidogo ya matumizi madogo, inayojazwa ikipungua) kwa idhini ya Mkurugenzi kupitia kwa Mweka Hazina. Tuseme 200,000. Kanuni yake ni moja na mtoto wa darasa la tano anaielewa: risiti pamoja na taslimu, wakati wowote ukihesabu, lazima ziwe 200,000. Risiti za 147,500, taslimu 52,500. Mnapoomba kujaziwa, mnaomba 147,500, siyo 200,000. Anayetunza masurufu asiwe yule anayepokea malipo ya wagonjwa, na visanduku viwili visikae droo moja. Hili la droo moja linaonekana dogo, lakini ndilo linalochanganya fedha kila mahali.

Kuhusu mtandao kuondoka: POS ikifanya kazi bila mtandao inatunza miamala na kuituma baadaye. Hilo halimpi mkusanyaji ruhusa ya kukaa na fedha. Asubuhi, kabla ya zamu kubadilishana, toeni taarifa ya POS, hesabuni taslimu mbele ya wawili, andikeni kwenye daftari la makabidhiano, wote wasaini, halafu fedha ziende kwa wakala wa benki kwa namba ya malipo siku hiyohiyo. Kama wakala yuko mbali, wekeni siku maalumu za kupeleka na kiwango cha juu cha fedha kulala kituoni, kiandikwe kwenye muhtasari wa kikao ili isiwe hiari ya mtu.

Jambo moja zaidi ambalo halisemwi sana. Makadirio ya makusanyo yanagawanywa kwa 12 bila kuangalia kalenda ya wakulima. Ukikadiria 18,000,000 kwa mwaka, karatasi inasema 1,500,000 kila mwezi. Lakini huku kwetu Januari hadi Machi kaya ziko shambani na ghala limeisha. Fedha zinaonekana baada ya mavuno, mtama, mahindi na alizeti vikianza kuuzwa. Kituo kinaagiza vitu Februari kwa imani ya 1,500,000, zinaingia nusu yake, mzabuni anabaki anadai, na shinikizo la kulipa kwa fedha mbichi linaanza. Chukueni makusanyo halisi ya kila mwezi ya mwaka uliopita, mgawanye makadirio kwa uwiano huo. Na uhamasishaji wa CHF ufanyike msimu wa mavuno, mtu akiwa na gunia la kuuza. Ukimfuata Februari unamwonea tu.

---

Stoo_Kuu

Naongelea (c) peke yake, kwa sababu dawa ndiyo fedha nyingi zaidi ya kituo na ndiyo inayohesabiwa mara chache zaidi.

Kabla ya kumshuku mtu, angalia kipimo. Tofauti kubwa nyingi za leja ya dawa ni za kipimo. Stoo inapokea amoksilini kopo la vidonge 1,000 na kuandika "1". Dirisha la dawa linatoa vidonge 15 na kuandika "15". Kwenye leja moja kuna makopo na vidonge, na mwisho wa mwezi hesabu inatoka ya ajabu. Kila dawa ichaguliwe kipimo kimoja, kiandikwe juu ya karatasi ya leja kwa kalamu nyekundu, na kila anayeandika akifuate: kidonge, chupa, ampuli, pakiti.

Kisha leja ya stoo na kumbukumbu za dirisha zitenganishwe. Stoo haitoi kwa mgonjwa, inatoa kwa dirisha, kwa hati, na anayepokea anasaini. Mfano: mwanzo wa mwezi vidonge 3,000, zimepokelewa 10,000 kutoka Bohari ya Dawa (MSD, msambazaji wa serikali), zimetoka kwenda dirishani na wodini 8,400. Leja inasema 4,600. Ukihesabu rafu unakuta 4,150. Zinakosekana 450. Hapo unatafuta kwa mpangilio: je, kuna hati ya kutolea ambayo haijaingizwa? Je, zamu ya usiku ilichukua bila hati? Je, kuna zilizoisha muda zikatengwa bila kuandikwa? Mara nyingi jibu liko kwenye la pili. Tiba yake ni kabati dogo la usiku lenye orodha ya dawa chache za dharura na idadi isiyobadilika, linalohesabiwa asubuhi na kujazwa kwa hati.

Misamaha isisahaulike. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza hawalipi, lakini dawa waliyopewa imetoka stoo. Isipoandikwa kwenye rejista kwa sababu tu "hakuna fedha iliyoingia", mkaguzi ataona dawa imepungua na mapato hayajapanda, na hawezi kukufikiria vizuri.

Kuhesabu: msingoje mwisho wa mwaka. Chagueni dawa kumi zinazotoka sana au zenye bei kubwa, zihesabiwe kila wiki na watu wawili, mmoja asiwe mtunza stoo. Zilizobaki kila mwezi.

Na mnaponunua nje: utaratibu wa mshitiri (mzabuni aliyeteuliwa kuuza dawa ambazo Bohari haina) ulianzia mkoani kwetu Dodoma mwaka 2014 kabla ya kusambaa nchi nzima, kwa hiyo hakuna sababu ya kituo cha huku kukosea hatua zake. Agizo linaanza Bohari ya Dawa. Wanapothibitisha kwamba dawa fulani hawana, uthibitisho huo unaambatishwa kwenye ombi la mshitiri linalopita kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Kituo kikienda duka la jirani moja kwa moja, hata kama bei ni nzuri na dawa ni nzima, malipo hayo ni hoja siku ileile yalipofanyika.

---

Mtunza_Vitabu

Shukrani sana wakuu. La kipimo cha amoksilini limenigusa, leja iliyopo ina makopo na vidonge ukurasa mmoja. Limebaki la viambatisho. Tunajitahidi kuweka kila kitu kwenye vocha, ankara ipo, risiti ya EFD (mashine ya kodi) ipo, hati ya kuagizia ipo. Bado inaandikwa "nyaraka pungufu" au "utaratibu haukufuatwa". Kinachokosekana ni nini hasa?

---

Mkaguzi_wa_Ndani

Mara nyingi hakikosekani kitu. Tarehe ndizo zinazosema uongo.

Mkaguzi akifungua vocha haanzi na kiasi. Anachomoa karatasi zote na kuzipanga kwa tarehe. Chukua vocha ya vifaa vya usafi ya 1,250,000. Dokezo la kuomba: 4 Machi. Hati ya kuagizia: 11 Machi. Hati ya kupokelea: 9 Machi. Ankara: 8 Machi. Muhtasari wa kamati ya usimamizi ya kituo ulioridhia: 20 Machi. Malipo: 14 Machi. Karatasi zote zipo, mihuri ipo, saini zipo. Lakini ukizisoma kwa tarehe zinasema hivi: mzabuni alileta mzigo kabla hajaagizwa, akalipwa, halafu kamati ikakaa kuridhia. Hata kama sabuni zipo na zinatumika, mnunuzi alishamchagua muuzaji, na nyaraka zikatafutwa baadaye. Hicho ndicho "utaratibu haukufuatwa".

Mfuatano unaosimama ni huu: dokezo la mwenye uhitaji, likionyesha kipengele cha mpango na namba ya kasma, mtunza vitabu anathibitisha salio la kasma kwa maandishi (salio la benki si salio la kasma, hapa wengi wanateleza), idhini, ununuzi kupitia NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni), hati ya kuagizia, mzigo unakuja na hati ya mzabuni, kamati ya mapokezi inahesabu na kukagua, hati ya kupokelea, kuingiza kwenye leja, na namba ya ukurasa wa leja inaandikwa juu ya ankara; kisha vocha, malipo, risiti ya EFD, na muhuri wa IMELIPWA kwenye kila kiambatisho ili ankara isitumike mara mbili.

Ile namba ya ukurasa wa leja, ifanyeni sheria. Ni tarakimu mbili tatu tu, lakini ndiyo inayounganisha fedha iliyotoka na kitu kilichoingia. Vocha isiyo nayo isisainiwe.

Kamati ya usimamizi isikae kwa kila sabuni. Iridhie mpango wa manunuzi wa robo mwaka, mwanzoni mwa robo, kwa vitu, idadi na makadirio ya bei. Hapo muhtasari utatangulia malipo kila mara bila kulazimisha vikao.

Kodi ya zuio pia huwa inasahaulika. Bidhaa zinazouzwa kwa taasisi ya serikali zinakatwa asilimia 2, huduma asilimia 5. Kwenye ile 1,250,000, kama mzabuni hajasajiliwa VAT, unakata 25,000, unamlipa 1,225,000. Fundi aliyetengeneza jokofu la chanjo kwa 400,000 anakatwa 20,000, anapata 380,000. Kodi iliyokatwa ifike TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, na mzabuni apewe hati ya kodi aliyokatwa, ni haki yake. Mwambieni mapema, kabla hajatoa bei. Akishtukia siku ya malipo atagoma kutoa risiti, na vocha yenu itabaki na tundu.

---

Kasma

Naongeza kwenye swali la kwanza, la watu 14. Hamhitaji idara ya fedha. Mnahitaji watu wanne wasioingiliana: mmoja anapokea malipo ya wagonjwa, mwingine anaandika daftari na kusuluhisha benki, na hapo mhasibu msaidizi akija siku yake moja anakagua badala ya kuanza kuandika upya, wa tatu anatunza stoo, mganga mfawidhi anaidhinisha. Kamati ya mapokezi itoke kwa wengine wote, ibadilishwe kila robo. Mtu akienda likizo, makabidhiano yawe ya maandishi yenye salio na idadi. Watu wanakabidhiana funguo tu, halafu mwenzake anabeba pengo asilolijua. Huo ni uonevu, na unaumiza watumishi wasio na hatia.

Mhasibu msaidizi apangiwe siku isiyobadilika. Akija Jumatatu wiki hii na Alhamisi wiki ijayo, hakuna atakayemwandalia vitabu.

---

Mtunza_Vitabu

Nimeelewa, wakuu. Swali la mwisho: tuko karibu na kufunga mwaka. Nini kisipofanyika kabla ya 30 Juni kitatugharimu?

---

Stoo_Kuu

Kuhesabu stoo jioni ya 30 Juni yenyewe, siyo 3 Julai halafu mkarudisha tarehe nyuma. Fungeni kutoa kutoka stoo kwa saa chache, dirisha lipewe akiba yake asubuhi. Zilizoisha muda zihesabiwe kando, kwenye orodha yake, zikisubiri taratibu za kuteketezwa.

Na fedha zenu zilizoko Bohari ya Dawa. Salio la kituo kule ni mali ya kituo na linatakiwa kuonekana kwenye hesabu. Ombeni taarifa ya akaunti yenu wiki ya kwanza ya Julai, mlinganishe na hati zenu za kupokelea. Mzigo ambao wao wameandika umetoka Juni na ninyi mmeupokea Julai ndio huleta tofauti, uandikeni kama mzigo ulioko njiani.

---

Mkaguzi_wa_Ndani

Orodha ya madai na madeni pia. NHIF mnayoidai kwa huduma ya Mei na Juni ni mapato ya mwaka huu hata kama fedha zitaingia Septemba, na mzabuni aliyeleta mzigo 25 Juni bila kulipwa ni deni la mwaka huu. Fomu za NHIF zilizokataliwa zitenganishwe na zinazosubiri, msizihesabu zote kama fedha zinazokuja: angalieni saini ya mgonjwa, namba ya kadi, na kama dawa iliyoandikwa inaruhusiwa kwa ngazi ya kituo chenu, maana nyingi hukatwa hapo. Bakaa (fedha iliyobaki bila kutumika) ya Mfuko wa Pamoja iandikwe kwa shughuli, kila shilingi ionyeshe ilikuwa ya kazi gani, ili iingie kwenye mpango wa mwaka mpya. Halmashauri inatakiwa kuwasilisha hesabu kwa CAG (Mkaguzi Mkuu wa Serikali) ifikapo 30 Septemba, kwa hiyo Mweka Hazina atazihitaji zenu mapema zaidi. Mkimpa Julai, atakuwa na muda wa kuwarudishia mrekebishe.